Ufunguo Anao Nani?

Asubuhi ya siku ya maswali, mke wangu alifungua kinywa kunisalimia, ukatoka mlio kama wa bawaba kavu. Akajaribu tena. Hewa tupu. Akanitazama kama mtu aliyeingiza mkono mfukoni akakuta tundu.

"Usiniambie," nikasema.

Hakuniambia. Hakuweza.

Kwa asiyemjua, mke wangu alikuwa Kiongozi wa Upinzani, na huko Bungeni walimwita Redio. Wa upande wake walimwita hivyo kwa mapenzi, wa upande wa serikali kwa kuchoka. Mwisho wa wiki kipaza sauti kilikuwa kimemzimikia katikati ya mkutano wa hadhara, mvua inanyesha. Mwingine angesema asanteni, tutaonana. Yeye alikiweka chini, akakunja mikono ya gauni, akamaliza hotuba kwa koo lake mwenyewe mpaka watu wa nyuma kabisa wakaitikia. Akawatangazia kabisa kwamba wiki hii atamuuliza Waziri Mkuu habari ya wodi. Aliporudi nyumbani alikuwa na mkwaruzo. Akanywa tangawizi, akasema si kitu. Na sasa, siku yenyewe, sauti ilikuwa imekwenda zake bila kuaga.

Swali jingine lolote ningemwambia aliahirishe. Hili halikuwa la kuahirisha, na hakuna nyumba iliyojua hivyo kuliko yetu.

Mji tuliotoka sisi, hospitali yake ilijengewa wodi mpya ya wazazi. Kuta za buluu, taa, vitanda ambavyo bado vimevaa nailoni. Waziri wa Afya alikuja kuifungua kwa tarumbeta, akakata utepe, akapiga picha, akaondoka. Mlango ukafungwa nyuma yake, na tangu siku hiyo haujafunguliwa. Pembeni yake, wodi ya zamani inalaza akina mama wawili kitanda kimoja, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, kama dagaa. Kila aliyeuliza alipewa jibu moja: taratibu zinaendelea.

Binti yetu wa pekee, Kadogo, aliolewa huko huko, na tumbo lake lilikuwa limefika mwezi wake. Tulimbembeleza aje kuzalia kwetu, kwenye hospitali kubwa. Akamwambia mama yake kwenye simu, "Mama, nikija kuzaa huko kwenu, Bungeni utasimama useme nini?" Hiyo ndiyo siku niliyomwona Redio akikosa jibu.

Asubuhi hiyo tunayoisema, simu ililia kabla hata chai haijachemka. Alikuwa Kadogo.

"Baba, mama ameamkaje?"

"Ameamka. Sauti ndiyo haijaamka."

"Ha! Msinitanie. Jana nilikwenda kupimwa, muuguzi kaniambia siku yoyote sasa. Kaniambia nije na mkeka."

"Mkeka wa nini?"

"Wa kulalia, baba. Vitanda vimejaa."

Mke wangu aliinyakua ile simu akaiweka kwenye sauti ya juu, akanifanyia ishara ya kuzungusha kiganja. Nikaelewa. "Mama yako anauliza ufunguo wa wodi mpya."

Kadogo akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Nimeuliza wote. Mlinzi anasema uko kwa katibu wa hospitali. Katibu anasema kwa mkandarasi. Mkandarasi anasema yeye alishaukabidhi kwa serikali. Sasa baba, serikali ina mfuko gani? Daktari mkuu mpya aliomba ruhusa avunje kufuli, wakamjibu huwezi kuvunja mlango uliofunguliwa na Waziri. Asubiri maelekezo."

Nilimtazama mke wangu. Macho yalikuwa yanamwaka. Hayo ndiyo macho ya siku ya maswali, na mimi nayajua.

Nyumbani kwetu tulikuwa na desturi. Kila siku ya Waziri Mkuu kuulizwa maswali ya papo kwa papo, sisi tulifanya Bunge letu kwanza, jikoni. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nasi, alikuwa Spika. Alikaa kichwani mwa meza na mwiko wake wa kusongea. Mimi nilikuwa Waziri Mkuu. Nilivaa tai juu ya aproni ya kazi, maana mimi ni fundi makochi na karakana yangu iko uani. Mawaziri wakuu wa kweli wamekuja na kuondoka. Mimi wa jikoni sikuwahi kuangushwa.

Kwa kawaida mke wangu alisimama, akaanza, "Mheshimiwa Spika, nchi hii..." na mama mkwe akagonga meza, "Swali, Mheshimiwa, swali!" Akaendelea, akagongwa tena. Hata Spika wa kweli alikuwa akimkatisha hivyo hivyo. Swali lake lilikuwa zuri siku zote, ila lilifika limechoka, limetembea mbali mno.

Siku ile alisimama, akashika kiti, akasukuma pumzi. Yakatoka maneno matatu kwa mnong'ono, la nne likafa njiani.

Mama mkwe hakugonga meza. Aliuweka mwiko chini akamwangalia mwanawe.

"Mwanangu, sauti uliyobaki nayo ni ya maneno matatu. Chagua."

"Na 'Mheshimiwa Spika'?" nikauliza mimi.

"Hayo ni salamu, hayahesabiwi. Waziri Mkuu nyamaza, hukupewa nafasi."

Mke wangu alikaa. Alichukua kijiko cha chai akawa anakizungusha kwenye kikombe kitupu. Kisha akainuka, akaegemea meza, akaninong'oneza usoni:

"Ufunguo anao nani?"

Mimi, Waziri Mkuu wa miaka yote, niliyezoea kumjibu kwa takwimu za kubuni na ahadi za uongo, nilifungua kinywa, nikakifunga. Hakukuwa na pa kukimbilia. Mama mkwe akapiga meza kwa mwiko mpaka vikombe vikaruka. "Huyo! Huyo huyo! Twendeni!"

Aliposema twendeni alimaanisha na yeye. Akavaa viatu vyake vya kanisani.

Tuliketi kwenye jukwaa la wageni, juu, mimi na mama mkwe, tumetanguliwa na onyo la askari wa Bunge: hakuna kupiga makofi, hakuna kusema, hakuna kusimama. Mama mkwe alimjibu, "Baba, mimi pia ni Spika," yule askari akadhani ni mgonjwa, akamwonea huruma.

Ukumbi ulikuwa umejaa kuliko kawaida. Watu walikuja kumsikia Redio. Waziri Mkuu, mtu mnene mwenye tabasamu la kudumu, alikuwa na jalada jekundu mbele yake lenye majibu aliyoandaliwa. Nyuma yake kabisa alikaa yule mbunge waliyemwita Tarumbeta, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kelele.

"Kiongozi wa Upinzani," Spika akaita.

Mke wangu alisimama. Taa nyekundu ya kipaza sauti ikawaka. Akakisogelea mpaka midomo ikakaribia kukigusa.

Kilichosikika ni pumzi.

"Ongeza sauti!" Tarumbeta akapayuka.

"Redio imeisha betri!" akadakia mwingine.

"Jamani leo tumepona!"

Vicheko vikapanda. Wabunge wa upande wake, kwa kutaka kumpa moyo, wakaanza kugonga meza, na kelele zao ndizo zikamzamisha kabisa. Nilimwona akigeuka, akawawekea kidole mdomoni, kama anavyonyamazishwa mtoto mbele ya aliyelala. Wakaacha. Lakini upande wa pili ukazidi.

Hapo Spika, mzee mwenye miwani puani, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimkatisha, akainuka. Spika akisimama kila mtu hunyamaza, ndiyo kanuni. "Sijamsikia Mheshimiwa," alisema. "Na mimi lazima nimsikie. Nataka ukimya. Mheshimiwa wa nyuma, nakuambia na wewe."

Ulipoingia ukimya, niliweza kuisikia feni ya dari ikikwangua. Watu wakainama mbele kwenye viti vyao. Ukumbi mzima, pamoja na waliomchukia, ukatega sikio. Miaka yote aliyopiga kelele mle ndani hakuwahi kusikilizwa hivyo.

"Mheshimiwa Spika," akanong'ona. "Wodi mpya. Ufunguo anao nani?"

Akakaa.

Kwa muda kidogo hakuna aliyeelewa kwamba amemaliza. Spika mwenyewe alikuwa ameshainua mkono wa kumkatisha, mkono ukabaki hewani hauna kazi. Waziri Mkuu akasimama kwa mazoea, akafungua jalada jekundu, akavaa tabasamu, akasoma.

"Mheshimiwa Spika, kwanza nimshukuru Kiongozi wa Upinzani kwa hotuba yake ndefu na yenye hisia kali..."

Akasita. Jicho, kwa bahati mbaya, lilikuwa limeshashuka mstari wa pili, na mdomo ukalifuata.

"...na takwimu nyingi alizozitaja, ambazo, kama kawaida yake, hazina..."

Ukumbi ulipasuka. Sijapata kusikia kicheko kama kile. Upande wa upinzani walikuwa wanapigana vikumbo, upande wa serikali wanaficha nyuso kwenye karatasi. Tarumbeta alikuwa amefunga macho kama mtu anayesali. Mama mkwe akanibana mkono, kucha zikaingia. "Walimwandikia jibu la jana," akaninong'oneza. "Walimwandikia jibu la jana, mkwe wangu!"

"Waziri Mkuu," Spika akasema, mdomo ukimchezacheza, "huo ukurasa una mahali palipoandikwa ufunguo?"

Waziri Mkuu alilifunga jalada. Tabasamu lilikuwa limeondoka, na mtu aliyebaki nyuma yake alikuwa mwerevu, tena mwenye hasira. Akaweka mikono nyuma.

"Mheshimiwa Spika, tusidanganyane. Kiongozi wa Upinzani ana binti mjamzito katika mji huo huo. Hilo mbona hakulisema? Haliulizii taifa. Anamuulizia mjukuu wake!"

Meza za serikali zikagongwa kama ngoma. "Mwambie!" "Bibi huyo!" "Akanunue kitanda chake!" Mimi damu ilinipanda kichwani. Kadogo wetu, na mkeka wake, alikuwa anachekwa na watu waliovaa suti. Mama mkwe akaanza kuinuka, nikamshika shali. Askari akatutazama. Nilimwangalia mke wangu chini kule, nikijua kwamba angekuwa na sauti yake angewavaa wote, angepiga radi kwa muda mrefu, na swali lingepotelea humo humo.

Hakuwa na sauti. Alisimama, akangoja. Spika akasimama naye, meza zikanyamaza.

"Ni kweli," akanong'ona. "Mjukuu wangu yuko njiani. Hajui chama." Akakisogelea tena kipaza sauti. "Ufunguo anao nani?"

Kwenye viti vya serikali alikuwepo mbunge mmoja mama mtu mzima, wanayemwita Shangazi wa Bunge, aliyekuwa amezaa watoto wengi na hakuwahi kupiga kura kinyume na chama chake. Aliinua kiganja, akagonga meza mara moja. Tarumbeta akageuka kumtazama. Akagonga tena, huku anamwangalia Tarumbeta usoni. Mwanamke wa pembeni yake akafuata. Kisha wa nyuma. Walikuwa wanagonga kwa pamoja, polepole, pande zote mbili sasa, na hapakuwa na kicheko tena.

Waziri Mkuu akamgeukia Waziri wa Afya. Waziri wa Afya akageukia kibanda cha wataalamu kule pembeni. Wataalamu wakageukiana wao kwa wao. Mmoja alitoka mbio na simu sikioni, akarudi mbio zaidi, akaandika kitu, karatasi ikapita mkono kwa mkono mpaka mbele. Waziri Mkuu akaisoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma tena ile karatasi.

"Mheshimiwa Spika," alisema taratibu, "ufunguo upo."

"Wapi?" Spika akauliza.

"Wizarani."

"Wizarani sehemu gani?"

Waziri Mkuu akakohoa. "Kwenye kabati la kioo. La zawadi."

Kelele zilizofuata siwezi kuziandika. Waziri wa Afya alikuwa ameshasimama bila kupewa nafasi, mikono kaitandaza. "Mheshimiwa Spika, nilikabidhiwa juu ya mto! Wa mahameli! Umefungwa utepe! Nilijua ni wa mfano, mimi! Kila sherehe nakabidhiwa kitu, nikajua ufunguo wenyewe wanao!"

Ndivyo ilivyokuwa. Mkandarasi alikabidhi ufunguo wa kweli, na mmoja tu, kwa heshima zote. Msaidizi wa Waziri akaupokea kwa heshima zote, akautia kwenye mkoba pamoja na kinyago na saa ya ukutani. Kule hospitali hakuna aliyethubutu kumwambia Waziri rudisha ulichopewa. Huku wizarani hakuna aliyejua kwamba kuna mlango unaungoja. Wageni walikuwa wanaoneshwa huo ufunguo, wanausifu jinsi unavyong'aa.

Spika alituliza ukumbi kwa shida. "Kiongozi wa Upinzani, unalo swali la nyongeza?"

Mke wangu alisimama kwa mara ya tatu. Akakisogelea kipaza sauti, akafungua kinywa, na safari hii haikutoka hata pumzi. Alikuwa amemaliza. Nilimwona akijaribu, shingo imemtoka mishipa. Nikasema moyoni, basi mke wangu, inatosha, kaa.

Hakukaa. Alinyoosha mkono. Aliunyoosha moja kwa moja kuelekea viti vya serikali, kiganja juu, vidole wazi, kama mtu dukani anayengoja chenji yake. Akauacha pale.

Wale waandishi wa kumbukumbu za Bunge wakamwangalia Spika, maana hawakujua waandike nini.

"Andikeni," alisema Spika, "Kiongozi wa Upinzani amenyoosha mkono. Waziri Mkuu, jibu."

"Leo," akasema Waziri Mkuu. Aliutazama ule mkono, na mimi nampa haki yake: hakuukimbia. "Waziri wa Afya ataupeleka mwenyewe. Leo hii, kabla jua halijazama."

Mama mkwe alisimama kwenye jukwaa la wageni, akapiga makofi. Tulitolewa nje sote wawili. Sijawahi kufukuzwa mahali kwa furaha kama ile.

Tulilifuata gari la Waziri kwa gari letu bovu, mama mkwe kiti cha nyuma akiimba. Mke wangu alikaa mbele pembeni yangu. Tulipotoka nje ya mji aliuchukua mkono wangu mmoja kutoka kwenye usukani, akauweka juu ya ule wa kwake. Ulikuwa unatetemeka kama jani. Bungeni haukutetemeka hata kidogo, mashahidi ni wengi. Ulingoja mpaka tumebaki wenyewe.

Waziri aliufungua ule mlango mwenyewe, na safari hii hakukuwa na tarumbeta. Akina mama waliingia wakitegemeana, wakichana nailoni za vitanda kwa mikono, wakicheka. Kadogo alikuja siku ya pili yake, uchungu umeshaanza, mkeka kwapani. Muuguzi akamuuliza, "Dada, wa nini huo?" Mkwe wangu, mumewe Kadogo, akautumia kukalia nje, mlangoni, mpaka aliposikia mtoto analia.

Sauti ya mke wangu ilirudi juma hilo hilo, kidogo kidogo. Siku alipompakata mjukuu vizuri kwa mara ya kwanza, dirisha liko wazi, ukuta wa buluu nyuma yake, alimwinua mpaka wakatazamana, akakohoa kusafisha koo.

"Mjukuu wangu," akaanza, "nchi hii uliyokuja..."

Mama mkwe akagonga chuma cha kitanda kwa kijiko. "Swali, Mheshimiwa, swali!"

Tulicheka mpaka muuguzi akatutoa. Kwa hiyo nilifukuzwa mara mbili katika wiki moja.

Mke wangu ametutoka sasa. Watu wema wa redio waliniletea hotuba zake zote, na huwa nazisikiliza karakanani nikishona. Sauti yake imejaa mle ndani, tele. Ila ya ile siku ninayoitafuta haimo. Ukiiweka kanda ya siku hiyo unasikia feni, kikohozi, na meza zinagongwa polepole. Ndiyo sababu nimeiandika. Kwenye kumbukumbu za Bunge wameiweka ndani ya mabano, mstari mmoja: amenyoosha mkono. Wameandika kweli. Hawakuandika kwamba baadaye, garini, alinipa mimi niushike, kwa sababu hawakuwepo.